Makofi kwa Makoti

Kwa jinsi Delmar Skogstad alivyokuwa akisimulia, Mungu alipoleta theluji duniani alikuwa anafanya majaribio tu. Theluji hasa, ile iliyokamilika, isiyo na matope wala nyayo za mbwa, aliitengeneza yeye Delmar, ndani ya chumba, kwa pamba.

Na pamba yenyewe! Alipamba kwa pamba mpaka maduka ya dawa ya mji wa Torvik yakaishiwa. Aliyejikata kidole wiki hiyo alifungwa kidonda kwa leso.

Delmar alikuwa muuza mazulia, mtu wa kitambi cha heshima na masharubu aliyoyatunza kuliko nywele. Ukimwita aje akupimie zulia la sebule, alikupimia, kisha akakwambia bila kuulizwa kwamba mapazia yako yanamtia kichefuchefu. Baadaye akasoma kozi ya upambaji kwa njia ya posta, akatumiwa cheti, na tangu hapo ukimwita muuza mazulia haitiki. Aliitwa Mbunifu wa Mandhari ya Ndani. Alijiita mwenyewe, maana watu wengine walikuwa na kazi za kufanya.

Sasa, kila Desemba kamati ya hisani ya Torvik hufungua lile jumba la kale la kando ya ziwa, ambalo siku hizi haishi mtu, na kuwagawia wapambaji vyumba wavipambe Kikrismasi. Watu hulipa kiingilio, huzunguka wakishangaa, na kila mwenye uwezo huleta koti la akiba akalitia kwenye sanduku barazani. Yote hayo huenda kwenye Mfuko wa Makoti, kwa ajili ya wasio na cha kujifunika, kwa sababu baridi ya Minnesota, kule kaskazini mwa Marekani, haina mzaha. Ukitema mate, chini yanafika kokoto.

Siku ya ufunguzi huja jaji kutoka Minneapolis kutoa utepe wa bluu kwa chumba bora. Na utepe huo kila mwaka huchukuliwa na Kip Amundsen, mwenye kupewa sebule kubwa na mti wa Krismasi mrefu kama mnara wa kanisa. Mwaka huu, baada ya kuomba sana, Delmar naye alipewa chumba: kile kidogo kilichobanana na mlango wa mbele, chenye kitanda kimoja na dirisha.

"Kidogo?" aliwaambia watu kanisani, kwenye kahawa ya baada ya ibada. "Almasi ni kubwa? Pua ya malkia ni kubwa? Kip ana sebule. Mimi nina wazo!"

Watu wa Torvik wakatikisa vichwa kwa adabu, wakaongeza kahawa.

Aliyekuwa na shida na wazo hilo ni mkewe, Marlys. Shida yenyewe ilikuwa kiti.

Kilikuwa kiti cha kuegemea, cha kahawia, cha marehemu baba yake Marlys, kimezibwa kwa karatasi ya gundi kwenye mkono wa kulia na kina shimo lililoumbwa kwa makalio ya mzee wa watu kwa muda wa maisha yake yote. Marlys alikipenda kuliko sahani zake za harusi. Delmar, alipopata cheti tu, alikitoa sebuleni akakipeleka gereji, akapaka sebule rangi nyeupe, na kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kula kitu chenye mchuzi nyumbani mwake.

"Delmar," alisema Marlys, "nataka kiti cha baba."

"Mke wangu, kile si kiti. Kile ni ajali."

"Basi tuwekeane dau. Ukipata utepe, kiti kikae gereji na sifungui mdomo tena. Ukiukosa, kinarudi sebuleni. Katikati. Na hukigusi mpaka nife."

"Mpaka ufe?"

"Na nikifa, nizikwe kikiwa bado sebuleni."

Delmar akacheka, akampa mkono. Aliona ni kama kuwekeana dau na mtu juu ya jua kuchomoza.

Chumba alikiita "Ukimya wa Theluji." Kitanda cheupe, mapazia meupe, mti mweupe usio na pambo hata moja, kwa kuwa, alisema, pambo ni kelele. Sakafuni pamba, dirishani pamba, juu ya taa pamba. Nyuma ya mlango alitundika koti lake jipya la sufu nyeupe, alilolinunua makusudi lifanane na kuta. Marlys alipoletwa kuangalia, alisimama mlangoni, akalamba midomo.

"Ni tofauti," alisema.

Delmar akaingiwa na ubaridi ambao haukutoka dirishani. Maana katika nchi ile mtu hakwambii kitu chako ni kibaya. Anakwambia ni tofauti. Ukipeleka chakula kwenye karamu ya kanisa, mtu akaonja akasema ni tofauti, unachukua sufuria lako unakwenda nalo nyumbani kwa njia ya nyuma.

"Wewe hukusoma kozi," alimjibu.

Kitu kimoja tu kiliharibu kazi. Pembeni mwa mlango wake kamati ilibandika kipande cha kadibodi, kimeandikwa kwa kalamu nene ya kijani: MAKOTI YA WAGENI, TEREMKA NGAZI, CHUMBA CHA CHINI. Kijani! Kando ya weupe wake! Asubuhi ya ufunguzi, watu wakiwa hawajaja, Delmar alikibandua, akakisukumia chini ya kitanda, akajipongeza kwa kuokoa sanaa ya taifa.

Kisha akaenda kumtafuta jaji.

Jaji, Bi Lenore Vick, alikuwa mama mwembamba mwenye miwani myekundu, aliyekuja kwa basi, akaingia kwa mlango wa jikoni na kukataa kuvua koti lake kwa kuwa watu wa mjini huona baridi hata mbele ya moto. Delmar alimganda kama pamba kwenye soksi. Alimfuata jikoni, akamfuata chumba cha kulia, akamfuata juu na chini, wote wawili wakiburura ile mifuko ya plastiki ambayo kila mgeni huvalishwa juu ya viatu asichafue. Kila chumba alikuwa na neno.

"Hiki kizuri," alinong'ona, "kwa anayependa hoteli za barabarani."

Kwenye sebule ya Kip, wageni wakiwa wamekaza shingo kuangalia kileleni mwa mti, Delmar alitoa pumzi ndefu ya huruma. "Mrefu," alisema. "Basi."

"Na chumba chako ni kipi, bwana?" aliuliza Bi Lenore, nadhani ili amalizane naye.

"Nilikuwa nasubiri uulize."

Delmar akamwongoza hadi kwenye chumba cha mlangoni, na nyuma yao akafuata Bi Gudrun, mwenyekiti wa kamati. Delmar akafumba macho, akafungua mlango kwa mgongo wa mkono kama mtu anayefungua lango la peponi.

"Tazama!" alisema, macho bado yamefumbwa. "Hakuna rangi. Hakuna kelele. Hakuna dalili ya binadamu!"



Alipofumbua macho, nusura yamtoke yadondoke kwenye pamba.

Kitandani palikuwa na mlima wa makoti. Makoti ya kahawia, makoti ya bluu, koti la zambarau lenye manyoya yaliyokatika, makoti ya kuwindia yenye rangi ya chungwa ya kukufanya upige chafya. Skafu zilining'inia kila upande. Glavu moja ilikuwa imesimama wima juu kabisa, kidole kikiwa kimeelekezwa darini. Hata ule mti mweupe ulikuwa umevishwa kofia tatu.

Kilichotokea ni rahisi. Mama mkwe wake, Ardis, alifika wa kwanza na basi la akina mama wa kanisa. Akatafuta pa kuweka koti, hakuona kibao, akaona chumba karibu na mlango, na chumbani kitanda. Sasa mtu wa Torvik akiingia nyumba yoyote wakati wa Krismasi akaona kitanda karibu na mlango, huweka wapi koti? Hivyo ndivyo alivyolelewa na mama yake, na mama yake na bibi yake. Ardis akaweka lake, wa pili akaweka lake juu, na waliobaki wakafuata kama kondoo wa dini.

Delmar akafungua kinywa kupiga kelele. Kabla sauti haijatoka, akasikia kitu kama filimbi. Ilikuwa pua ya Bi Lenore Vick. Jaji alikuwa analia!

"Kitanda cha makoti," alisema, akivua miwani. "Nyumbani kwa nyanya yangu, Krismasi... wakubwa wakicheza karata, sisi watoto tukilazwa juu ya makoti ya wageni. Harufu ya sigara na baridi na marashi. Nimeona vyumba hivi miaka ishirini, dhahabu, taa, mishumaa. Hakuna aliyewahi kufikiria hili. Hakuna!"

Delmar akafunga kinywa.  Neno la kweli lilikuwa pale kooni, limevaa viatu tayari kutoka. Akakiona kile kiti cha kahawia akilini, katikati ya sebule yake nyeupe, kimemkodolea gundi.

"Ilinichukua muda kulifikia," alisema.

"Na mpangilio huu!"

"Kila koti nimeliweka kwa mkono wangu."

"Na ile glavu?"

"Glavu," alisema Delmar kwa sauti ya chini, "nilikesha nayo."

"Lakini makoti mengi hivi umeyapata wapi?" aliuliza Bi Gudrun kutoka nyuma, maana yeye alikuwa mwanamke wa hesabu za sukari na chumvi.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angekohoa akaomba maji. Delmar hakukohoa. "Nimeyakusanya," alisema, na akaona haikutosha. "Mwaka mzima. Nyumba kwa nyumba. Na yote, kuanzia hili la chini mpaka glavu, nayatoa kwa Mfuko wa Makoti!"

Bi Gudrun akaweka mkono kifuani. "Delmar Skogstad," alisema, "tumekusema vibaya miaka yote hii."

Wakaondoka kwenda kuandaa utoaji wa utepe. Delmar akabaki peke yake na mlima. Mpango wake ulikuwa mwepesi: apokee utepe, watu wachukue makoti yao polepole, na kesho atamwambia Bi Gudrun kwamba wezi wameingia. Kazi iliyobaki ilikuwa kulinda mlima usipungue kabla ya utepe.

Hazikupita dakika nyingi, mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mzee Elroy, mfuga ng'ombe, mtu mrefu mwenye mikono kama makasia.

"Samahani, Delmar. Nachukua koti langu tu."

Delmar akaruka mbele ya kitanda, mikono imetanda. "Koti gani?"

"Lile la kaki. La chini pale, lenye mafuta ya trekta."

"Mzee Elroy! Hilo ndilo nguzo. Ukilichomoa hilo, sanaa yote inaanguka."

"Sanaa gani?"

"Hii."

Mzee Elroy akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akainama kidogo akaangalia kutoka chini. "Mimi naona makoti."

"Ndivyo sanaa ilivyo. Inajificha."

"Ng'ombe wangu wanangoja kukamuliwa, Delmar."

"Wape pole zangu."

"Mjini huko mtu angekupeleka kortini."

"Na kortini utakwenda na koti gani?"

Mzee Elroy alikuna kichwa. Kwingine kokote hapo pangezuka ngumi. Lakini watu wa Torvik ni afadhali wagande wima kuliko kumsumbua mtu. "Haya basi," alisema. "Sitaki kuleta usumbufu. Nitakunywa kahawa nyingine."

Akatoka. Wakaja wengine, na wengine, na kila mmoja alirudishwa kwenye kahawa. Saa ya utepe ilipofika, sebule ya Kip ilikuwa imejaa watu wenye heshima zao, wanaotaka kwenda nyumbani, wanaotetemeka vidole kwa kahawa, na hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Bi Lenore akatoa hotuba fupi. Akasema kuna chumba kimoja kilichomkumbusha Krismasi ni nini. Akamtaja Delmar. Kip Amundsen akashika mti wake asianguke. Bi Gudrun akaongeza kwamba mshindi huyu ametoa makoti mengi kwa hisani kuliko mtu yeyote katika historia ya Torvik, na wageni, wakidhani ni yale ya kwenye sanduku la barazani, wakapiga makofi. Yaani walipiga makofi kwa makoti yao wenyewe! Aliyepiga kwa nguvu zaidi ni Mzee Elroy.

Marlys, aliyesimama karibu na piano, alipiga makofi mawili matatu ya taratibu. Alikuwa anakiaga kiti cha baba yake, na macho yalikuwa yamemlowa. Delmar aliyaona macho yale. Kitu kidogo kilimchoma chini ya utepe, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu zaidi kuliko dhamiri.

Akakishika.

Alianza na utoto wake. Akapita kwenye kozi ya posta, somo kwa somo. Akaeleza tofauti ya mpambaji na mbunifu. Akawasamehe waliomdharau, akiwataja kwa majina. "Na makoti yale," alimalizia, mkono juu, "nayatoa yote! Silibakizi hata moja! Anayetetemeka popote alipo, alivae, akijua limetoka kwa Delmar!"

Makofi tena. Alikuwa bado ameinamisha kichwa kuyapokea pale Bi Gudrun alipomsogelea sikioni.

"Hotuba nzuri, na ndefu. Basi tumepata wasaa. Harlan, dereva wa kamati, ameshayapakia yote kwenye gari lake, ameondoka zamani, anataka kuyafikisha kwenye ghala la Mfuko, Fossdale, kabla ya tufani."

"Ameyapakia nini?"

"Makoti yako."

Delmar akageuka polepole kuelekea dirisha. Nje hapakuwa na gari. Palikuwa na alama za magurudumu kwenye theluji, na theluji mpya ilikuwa inazifuta.

Akapenya katikati ya watu mpaka kwa mkewe. "Marlys! Makoti yamekwenda."

"Yamekwenda wapi?"

"Kwenye hisani."

"Hisani ya nani?"

"Yangu."

"Makoti yapi?"

"Ya watu."

Marlys akamwangalia kama mtu anavyoangalia sufuria linalofurika. "Basi chukua gari ukimbize!"

"Ufunguo uko kwenye koti."

"Chukua la Elroy."

 Walitazamana, wote wawili wakalifikia wazo lile lile kwa wakati mmoja: hakuna ufunguo wa gari hata mmoja katika jumba lile. Funguo zote za Torvik zilikuwa mifukoni, njiani kwenda Fossdale.

Na hapo ndipo kiliposikika kile kishindo.

Ilikuwa sauti ya viganja vikipiga magoti. Katika nchi ile mgeni haondoki kwa kuondoka. Kwanza hupiga magoti yake, pa! akasema "Haya basi." Kisha hukaa tena kidogo. Kisha husimama, akazungumzia hali ya hewa. Kisha huenda mlangoni, akashika kitasa, akasimulia operesheni ya shemeji yake. Kuaga ni kazi ya mchana kutwa, na Delmar miaka yote aliicheka, akasema ni tabia ya watu wasio na ratiba.

Pa! "Haya basi," alisema Mzee Elroy.

Pa! Pa! Pa! "Haya basi," wakasema wengine.

"Mbona haraka!" alipiga kelele Delmar. "Kaeni! Mzee Elroy, hebu nisimulie goti lako. Hujanieleza vizuri goti lako!"

"Goti halijambo."

"Haliwezi kuwa halijambo, nimekuona unachechemea! Bi Verna! Wajukuu wako ni wangapi sasa? Nitajie mmoja mmoja, na uzito wao wa kuzaliwa!"

Hajawahi mtu wa Torvik kuulizwa maswali mengi kiasi kile na Delmar Skogstad. Walijibu kwa furaha. Lakini hata kuaga kwa Minnesota kuna mwisho. Umati ukasogea, ukafika ukumbini, ukafika kwenye kile chumba cha mlangoni, na Ardis, mama mkwe, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mpiga makasia, akasukuma mlango.

Kitanda cheupe. Mapazia meupe. Mti mweupe. Hakuna rangi, hakuna kelele, hakuna dalili ya binadamu. Harlan alikuwa mtu safi wa kazi. Hata lile koti jeupe la nyuma ya mlango alilichukua.

Kwa mara ya kwanza siku ile, "Ukimya wa Theluji" ulionekana kama ulivyobuniwa.

Bi Lenore Vick alichungulia juu ya mabega ya watu. "Na hiki ni chumba gani?"

"Ndicho changu," alisema Delmar, sauti ikiwa imebaki nusu. "Ndicho... chenyewe."

Jaji akakitazama kwa muda mrefu. Akatafuta neno. Alikuwa mtu wa mjini, lakini nyanya yake, kumbe, alikuwa wa huku huku.

"Mh," alisema. "Ni... tofauti."

 Hapo Delmar akakaa kwenye pamba, akasema karibu yote. Alisema makoti si yake. Alisema hakukesha na glavu. Aliona aibu ya kweli, ile inayopanda kutoka shingoni na kuwasha masikio, na masikio ndiyo sehemu pekee ya mwili wake iliyopata joto jioni ile.

"Kwa hiyo," alisema Mzee Elroy taratibu, "nilipiga makofi kwa koti langu."

"Ulipiga kwa nguvu," alisema Delmar.

"Lakini watu waliyawekaje humu?" aliuliza Bi Gudrun. "Nilibandika kibao mwenyewe!"

Delmar akaanza kuchambua pamba. Ila baridi ilikuwa inapenya mlangoni, na Ardis, ambaye hangoji kamati, alikuwa ameshavuta shuka la kitanda ajifunike. Shuka likatoka, na chini ya kitanda kikaonekana kipande cha kadibodi. Akakiokota, akakisoma kwa sauti ya kumsomea kiziwi. "Makoti ya wageni, teremka ngazi."

Watu wote wakamgeukia Delmar.

"Kilikuwa cha kijani," alisema.

"Mkwe wangu," alisema Ardis, "mimi nimekutetea kwa ndugu zangu. Niliwaambia ni mjinga lakini ana moyo. Leo nimebaki na nusu ya maneno."

"Ngoja kwanza," alisema Bi Lenore. "Nani aliweka koti la kwanza?"

"Mimi," alisema Ardis. "Kwani makoti huwekwa wapi tena?"

Jaji akainama, akaufungua utepe wa bluu kifuani kwa Delmar, akaubandika kwenye shuka la Ardis. Makofi yaliyopigwa safari hii yalikuwa ya kweli, na pia yalisaidia kupasha mikono joto.

Nyumba ya karibu ilikuwa kanisa, mitaa michache kutoka pale. Wakalivua jumba mapambo yake. Mapazia ya Delmar yalikwenda, mapazia ya Kip ya mahameli mekundu yalikwenda, vitambaa vya meza vikaenda, zulia la chini ya mti likaenda. Msafara ukatoka kwenye tufani kama wafalme waliofukuzwa, Ardis mbele na utepe wake. Mzee Elroy hakusimama kanisani. Alikatiza mashambani hadi zizini kwake akiwa ndani ya pazia jeupe la hariri, na ng'ombe, inasemekana, walikataa kutoa maziwa mpaka aongee.

Delmar kilichombakia ni pamba. Alijijaza shatini na kwenye suruali, akatembea nyuma ya wote, amevimba pande zote kama godoro lenye masharubu. Na kila alipopita, pamba ilidondoka, mpaka mtaa mzima ukapata theluji yake ile iliyokamilika. Mbwa wa jirani akaikanyaga.

Makoti yalirudishwa kesho yake, pamoja na funguo. Yote, isipokuwa moja. Lile jeupe la sufu, jipya, lilikuwa zuri mno, na Fossdale walikuwa wameshamvisha dereva mmoja wa kuzoa theluji, ambaye alilia kwa shukrani na kuomba salamu zake zimfikie huyo Delmar. Nani angekwenda kumvua? Si yeye mwenyewe aliyesema kwenye kipaza sauti?

Marlys akamfungulia mume wake kabati, akampa koti la marehemu baba. La kahawia.

Kiti nacho kilirudi. Katikati ya sebule nyeupe, kama walivyokubaliana. Delmar alikizunguka siku kadhaa kama paka anavyozunguka bafu.

Siku ya mkesha wa Krismasi ndugu na majirani wote walialikwa kwake. Alasiri nzima Delmar alikuwa nje akikwangua theluji njiani, akarudi ndani amechoka hoi, bado amevaa lile koti, na viti vyote vilikuwa vimejaa sahani za lefse, zile chapati za viazi. Kilibaki kimoja. Akakaa kwenye ncha. Akategemeza mgongo kidogo. Lile shimo la makalio ya mzee likampokea kana kwamba lilikuwa linamngoja yeye. Hajawahi kukaa mahali pazuri kama pale maishani mwake! Kabla hajapata wa kumlaumu, usingizi ukamchukua.

Wageni walipoingia, taa zilikuwa zimepunguzwa kwa ajili ya mishumaa. Mzee Elroy akasimama mlangoni na koti lake la kaki mkononi, akatafuta kibao, hakukiona. Akaona kiti cha kahawia na kitu cha kahawia juu yake. Akaweka lake. Bi Verna akaweka lake juu. Wa tatu akafuata, na wa nne.

Delmar alizinduka gizani, chini ya harufu ya marashi na mafuta ya trekta. Alimsikia Ardis akimwambia mtu, "Weka hapo hapo, mwanangu, hapo kwenye makoti." Alimsikia Marlys akiuliza, "Jamani, Delmar yuko wapi?" na mtu akamjibu labda bado yuko nje, ngoja achoke atakuja.

Akavuta pumzi apige kelele awaambie watu wote wanamrundikia nani makoti. Lakini lile shimo la kiti lilikuwa limemshika kiuno vizuri, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya utepe alikuwa na joto mpaka vidole vya miguu.

Kwa hiyo Delmar Skogstad akanyamaza. Na mtu wa mwisho kuingia akaona kitu kimechomoza kati ya makoti, akamtundikia kofia masharubuni.